Siku Jovitha Alipoulizwa

Mimi Josepha si mtu wa kukosa la kusema. Kwenye ukoo wetu wanalijua hilo, na hapa Kariakoo ninapouza vitenge wanalijua zaidi. Lakini Jumamosi ile, sebuleni kwa kaka yangu Anselmi, nilibaki mdomo wazi, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Walikuja kumposa Jovitha, binti wa Anselmi. Kaka yangu anauza mapazia kwa jumla, duka liko chini na nyumba iko juu yake, kwa hiyo wageni walipanda ngazi wakipishana na wabeba mizigo wenye majora ya vitambaa begani. Barabarani kulikuwa na mchuuzi aliyerekodi sauti yake kwenye kipaza sauti, kikawa kinajirudia kutwa nzima, jezi bei ya kutupa, jezi bei ya kutupa. Tulifunga madirisha ili tusikilizane, feni ikazidiwa, tukakaa tunatoka jasho ndani ya nguo zetu za heshima. Mtu pekee ambaye kelele hazikumsumbua ni mposwa mwenyewe. Jovitha ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo, kabla hajajua hata kutamka jina langu.

Kwenye ukoo wetu posa ina swali moja tu. Wageni wanaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, inawekwa katikati, na hakuna anayeigusa. Binti anaitwa. Baba yake anashika kata iliyojaa, anamtazama mwanawe na kumuuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, tunywe?" Binti akikubali, baba anapiga funda la kwanza, kata inapita kwa wageni, posa imekwisha. Akikataa, wageni wanabeba mbege yao wanakwenda. Baba hatumi mtu amuulizie. Mimi niliulizwa hivyohivyo zamani, nikasema "Kunyweni!" kabla baba hajamaliza, na bibi yangu akanifinya paja kwa kukosa aibu.

Sasa kwa Jovitha sote tulikuwa tumeshajua itakavyokuwa. Mama yake, wifi yangu Victoria, ndiye mdomo wake. Dukani Jovitha akipungapunga mikono, Victoria anamgeukia mteja na kusema, "Anasema hiyo nzito imekwisha." Mikono inapunga dakika nzima, Victoria anatoa maneno manne. Hatukuona ajabu. Tulidhani lugha ya alama ni Kiswahili kilichopungukiwa maneno, basi mtoto akisema kirefu na yakatoka mafupi, tulijua ndivyo alivyo. Hata ujumbe wake wa simu ulituthibitishia. Alikuwa anaandika, "Kesho dukani mteja pazia bluu kurudisha," na Anselmi ananionyesha huku akicheka kwa huruma, anasema binti yangu kusoma amesoma, lakini Kiswahili kimemshinda. Nami nilikuwa nacheka.

Mposaji ni Benedict, kijana mpole anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, ndiye anayemtolea Anselmi makontena. Alikuja na mama yake na mjomba wake, Mzee Elimringi, aliyekuwa msemaji wao. Nyuma yao akaingia binti aliyevaa hijabu nyeusi, hana mkoba wala zawadi.

"Huyu ni Hajira," Mama Benedict akasema. "Kwao Lindi. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Nilimwona hospitalini akimsemea mgonjwa, nikasema siku yetu na yeye awepo, ili mkwe wangu asipitwe na neno."

Victoria akakunja uso. "Mkalimani wa nini? Mama yake si nipo?"

"Upo mama, karibu sana," Mama Benedict akajibu kwa adabu. "Wewe leo pumzika, ukae kama mama wa binti."

Victoria alikaa, lakini alikaa ukingoni mwa kiti. Jovitha akaletwa, amependeza mpaka nikajisikia fahari kana kwamba nimemzaa mimi. Akasalimia kwa kuinama. Halafu akamwona Hajira, wakasemezana kwa vidole hewani mara mbili tatu, na uso wa Jovitha ukabadilika. Sijui niuelezeje. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

Mzee Elimringi akamwalika aseme neno la salamu. Jovitha akainua mikono, na Hajira akaanza kusema kwa sauti.

"Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Jovitha, mtoto wa pili wa Mzee Anselmi."

"Samahani, binti," Mzee Elimringi akamkatiza. "Si tumeambiwa wewe ni Hajira?"

"Mimi ni Hajira, mzee. Lakini nikisema 'mimi' jueni anasema yeye. Sauti ni yangu, maneno ni yake." Akageuka, akasubiri, akaendelea. "Shikamoo Shangazi Josepha, ambaye tangu ameingia anaikodolea macho mbege kuliko anavyonitazama mimi."

Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika, tukabaki tunatazamana. Jovitha ana utani? Tangu lini? Mtoto niliyemjua tangu anatambaa, niliyekuwa nikimletea peremende na kumpapasa kichwa kama mgonjwa, alikuwa amekaa pale ananichokoza mbele ya wakwe, tena amenipata barabara.

"We binti," nikamwambia Hajira, "hayo yote ameyasema yeye, au unampamba?"

Hajira alimfasiria kwanza Jovitha swali langu, jambo ambalo halijawahi kufanywa ndani ya nyumba ile, na Jovitha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Sijampamba, mama. Tena mengine yamenipita," Hajira akasema. "Lugha yake haijapangwa kama Kiswahili. Anaanza na wakati na mahali, halafu anawaweka watu hewani, huyu huku, yule kule, ndipo anaonyesha kilichotokea kati yao. Kuuliza anauliza kwa uso. Mimi nasubiri aijenge yote, halafu naivunja na kuipanga upya kwa Kiswahili. Mwingereza naye anatanguliza 'wangu' ndipo aseme 'mke'. Mbona huyo hamsemi kwamba hajui kuongea?"

Anselmi aliinamisha kichwa. Najua alichokumbuka, kwa sababu na mimi nilikuwa nakikumbuka. Kesho dukani mteja pazia bluu kurudisha. Mtoto alikuwa anatuandikia kwa mpangilio wa lugha yake, safi kabisa, na sisi tulikuwa tunapitishiana simu tunacheka. Hata Kichaga chetu ukikibeba neno kwa neno ukakimwaga kwenye Kiswahili, watu watakukimbia.

Jovitha alikuwa amemgeukia Benedict. Mikono yake sasa ilikwenda polepole.

"Benedict ni mtu mwema," Hajira akasema. "Akija dukani anapanga majora bila kuombwa. Nimemwangalia muda mrefu. Lakini hatujawahi kuzungumza. Anasema na Mama. Mama ananishika bega na kutabasamu, halafu Mama anamjibu. Mimi sijui aliuliza nini, na sijui nilimjibu nini."

Jezi bei ya kutupa ikawa inapenya kwenye vioo. Benedict akasimama.

"Nilimuuliza siku ya Krismasi," akasema, anamtazama Hajira, kisha akakumbuka na kumtazama Jovitha. "Nilimuuliza kama ananipenda. Mama yake akaniambia, amesema ndiyo, tena siku nyingi. Ndiyo maana nimekuja na wazee."

Hajira alimfasiria. Mikono ya Jovitha ikajibu kifupi sana.

"Siku ile," Hajira akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nilikuwa nauliza kama utapenda kujifunza kuongea na mimi."

Mungu wangu. Nilimgeukia Victoria. Kila mtu alimgeukia. Wifi yangu alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake anaikunja na kuikunjua.

"Nilitaka aolewe!" akalipuka. "Mnaniangalia nini? Nyinyi mnakuja mnakula mnaondoka, mimi ndiye ninayelala nawaza nikifa atabaki na nani. Kijana mzuri amekuja, mwenye kazi yake, asiyemcheka. Ningemwambia asubiri? Nani angesubiri?" Akaanza kulia kwa sauti, na Hajira, bila huruma kwa mtu yeyote, alimfasiria Jovitha kila neno, mpaka kilio.

Nilitaka kumzaba kibao wifi yangu, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata moja. Jovitha ndiye aliyeinuka, akamfuta mama yake machozi kwa kiganja, kisha akarudi kukaa mahali pake. Hakuwa amebadili uso.

Mzee Elimringi alikohoa. Ni mtu wa taratibu, na taratibu zilikuwa zinamponyoka. "Ya mama na mwana watayamaliza wenyewe," akasema. "Sisi tumekuja na mbege. Mzee Anselmi, uliza swali lako."

Kaka yangu akachota. Kata ikajaa mpaka povu likamwagikia vidole. Akamgeukia Hajira. "Mwambie, mwanangu, tunywe?"

Hajira alikuwa ameshainua mikono, lakini Jovitha alimwonyesha kiganja, angoje. Akasema kitu. Hajira akasita kabla ya kukitoa.

"Anasema nisitafsiri. Anasema amekubali kukaa hapa leo kwa sababu anajua kwenye ukoo wenu binti ni lazima aulizwe, na baba ndiye anayeuliza. Shangazi aliulizwa na baba yake. Na yeye aulizwe na baba yake." Halafu Hajira akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akarudi nyuma hadi ukutani.

Anselmi aliirudisha kata mezani. Kaka yangu huyu anabishana na watu wa bandarini mpaka wanamkimbia. Anaongea Kichaga, Kiswahili, Kiingereza cha biashara na Kichina cha kuomba kupunguziwa bei. Alinyanyua mikono yake miwili mbele ya mtoto wake, na mikono ikabaki hewani. Akafanya ile alama ya "njoo". Akaiacha. Akafanya ya "kula". Akafanya ya "funga duka", na hapo akatambua, nasi tukatambua, kwamba zimekwisha. Miaka yote hiyo alikuwa na amri tatu. Swali hakuwa nalo hata moja.

Nimewahi kuona misiba, nimewahi kuona duka langu mwenyewe likiungua, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kumwona mtu mzima akitafuta namna ya kumuuliza mwanawe jambo moja na kukosa.

Jovitha akaja akapiga magoti mbele yake. Akamshika mkono wa kulia, akauelekeza kwenye mbege. Kisha akauzungusha kutuonyesha sote. Kisha akaupeleka kinywani, kunywa. Akamwachia ajaribu. Anselmi alianza na sisi, akaja kunywa, akamalizia na mbege, kama tunavyosema kwa Kiswahili, tunywe mbege. Jovitha akatikisa kichwa, akamrudisha, mbege kwanza. Baba mtu akarudia sawasawa, lakini uso wake ulikuwa umekufa kama anasoma bei. Jovitha akaweka vidole gumba juu ya nyusi za baba yake, akazisukuma juu, taratibu, na kuzishikilia pale.

"Bila hizo siyo swali," Hajira akanong'ona kutoka ukutani. "Bila hizo ni amri."

Jovitha akaondoa mikono. Anselmi akaonyesha mbege, akauzungusha mkono kwetu sote, akapeleka mkono kinywani, na nyusi zikapanda zenyewe, macho wazi, jasho likimtiririka kwenye mashavu. Akangoja. Nilijikuta na mimi nimepandisha nyusi zangu, na Mama Benedict vilevile.

Jovitha alimtazama baba yake kwa muda. Halafu akamtazama Benedict, akamtazama bila chuki, na akarudi kwa baba. Akaweka kiganja juu ya kata, kama mtu anayeifunika isiingie nzi. Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akasukuma mkono mbele, mbali na kifua chake, kuelekea siku nyingine.

Benedict alishika kichwa. Victoria aliacha kulia. Na kaka yangu akageuka kutukabili, amepauka, anapumua kama aliyepanda ngazi zote za Kariakoo.

"Amesema bado," akatangaza.

"Bado?" Mzee Elimringi akasimama. "Bado ni nini? Kwetu ni tunywe au tubebe, bado haipo! Binti Hajira, hebu njoo utuambie kwa uhakika, amesema nini?"

Hajira alifungua mdomo. Anselmi alimwinulia mkono akae kimya, na nyusi zake zilikuwa bado ziko juu, alikuwa amesahau kuzishusha.

"Msimuulize huyo," akasema. "Aliyeambiwa ni mimi."