Mlango wa Waliopona

Jana usiku niliota nimerudishwa chuo cha mifugo kufanya mtihani mmoja ambao, waliniambia, ulisahaulika. Nililala nimeshaamua: asubuhi nikifika kliniki nitamwambia bosi wangu, Daktari Gwandu, kwamba udaktari wa mifugo basi, nakwenda kuuza vigae dukani kwa shemeji. Kuzalisha ng'ombe matopeni hapa Babati, bila hata asante, kulikuwa kumenifika shingoni.

Msimamizi wa mtihani alikuwa kipimajoto. Amevaa tai.

"Kaa," akasema. "Na usinitazame hivyo. Mimi nimeingia mahali ambapo wewe umechungulia tu."

Nikakaa.

Swali lilikuwa moja: Eleza mgonjwa wako aliyepona anafananaje.

Niulize kichomi, niulize tumbo lililojaa gesi, niulize kizazi kilichotoka nje, nitakujibu huku nakunywa chai. Lakini aliyepona? Nilikaa na karatasi tupu mpaka kalamu akaguna.

"Andika basi," akasema. "Wino unanikauka."

"Hili hatukufundishwa," nikamwambia msimamizi. "Chuoni mnyama akipona alitolewa wodini, tunaletewa mwingine mahututi. Na kazini ni yale yale. Akiumwa naitwa. Akipona, nani aniite?"

"Waliopona hutokea mlango ule," akajibu kipimajoto.

Mlango wenyewe uko nyuma ya ubao. Miaka yote niliyosoma pale tulikatazwa kuufungua, na mimi, mtoto mtiifu, sikuwahi hata kuuliza kwa nini. Nasimama. Naufungua.

Nje si chuoni tena. Ni malishoni, chini ya mlima Kwaraa, na wanyama wamepanga foleni kimya kama watu wa benki. Kuna ng'ombe ana mshono wangu ubavuni, umepinda, mkono wangu naujua, anacheua. Mbuzi niliyemfunga mguu uliovunjika anarukaruka bila adabu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Wa kwanza kwenye foleni ni punda wa Bi Nada, yule aliyesokotwa na tumbo wakati wa masika. Nilikesha naye, nikamwacha anahema tu, na Bi Nada hakunipigia simu tena. Moyoni nilishamzika.

"Nilijua umekufa," nikamwambia.

"Ningekufa ungesikia. Bi Nada angekusema kijiji kizima," akasema punda. "Nimepona, naye yuko shambani. Nimekuja kushukuru."

"Karibu."

"Geuka basi."

"Nigeuke kwa nini?"

"Daktari, mimi ni punda. Methali unaijua. Njia nyingine ya kushukuru sina."

Namtazama kipimajoto, amesimama mlangoni. Anatazama pembeni, anaweka tai yake sawa.

"Hiyo ni sehemu ya vitendo," anasema.

Nikageuka. Punda akanishukuru kwa moyo wote.

Niliamka niko sakafuni, kumekucha. Nikajicheka, mtu mzima na shahada yangu, naanguka kutoka kitandani kama mtoto. Nikaenda kuoga, na kwenye kioo ndipo nilipoliona kalio langu la kushoto: alama ya zambarau, imejikunja vizuri, upana wa kwato ya punda. Sakafu ya kwangu ni sementi tupu, haina kwato.

Nikafika kliniki nachechemea. Daktari Gwandu alikuwa anachemsha sindano.

"Una nini?" akauliza.

"Sina kitu, bosi. Nina jambo la kukuambia."

"Sema."

Nilikuwa nimelikariri wiki nzima jambo lile. Nikafungua mdomo.

"Naomba pikipiki. Nataka kumpitia punda wa Bi Nada."

"Kwani anaumwa tena?"

"Haumwi," nikasema, nikakaa kwenye benchi kwa upande mmoja.