Mgongo Uliopinda Ndio Unaobeba

Kitendawili! Najua hakuna wa kunijibu "tega" kupitia karatasi, basi natega mwenyewe: mgongo wangu umepinda; siku utakaponyooka, nafukuzwa kazi. Mimi ni nani?

Kaeni nacho kidogo, nianze na dada yangu.

Dada yangu mkubwa anakaa ng'ambo ya mto. Mwaka huu alianguka akavunjika nyonga, na hospitali wakamwambia asikae tena peke yake. Nikampelekea neno aje kwangu. Akakataa. Nikarudia, akakataa tena, akisema hajazoea kula pasipo jasho lake. Mara ya tatu akalegea: "Haya, nije nikae siku mbili tatu. Lakini kabla mvua hazijaufunga mto." Pale hapana daraja, tunavuka penye mawe, na mvua kubwa zikianza hapapitiki hata miezi mitatu.

Huyu dada ndiye aliyenisomesha, ingawa mwenyewe hakupelekwa shule hata siku moja. Kila masika, miaka saba, alinibeba mgongoni akanivusha mto ule ule. Mimi madaftari kichwani, yeye maji kiunoni. Akishanitua anarudi kulima. Kwa hiyo kila herufi ninayoandika hapa imepita mgongoni kwake kwanza.

Tulikwenda kumchukua kwa gari aliloacha marehemu mume wangu, gari la kupanda milima, lakini limezeeka kama mimi. Dereva ni binti yangu. Tunamwita Kibiriti, kwa sababu ni mwembamba na huwaka upesi. Tulipofika katikati ya maji, nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini kama kuku anayetaga, na tumbo lake likapanda juu ya jiwe. Kibiriti akakanyaga mafuta, gari likalia tu. Ng'ambo nilimwona dada amekalishwa na majirani kwenye kiti, furushi mapajani, tayari kwa safari. Akatupungia mkono: rudini. Tukajinasua kwa shida, tukarudi kinyumenyume, naye akazidi kuwa mdogo pale kwenye kiti chake.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwa fundi mmoja anayefanyia kazi nyuma ya duka la mbao. Watu wanamwita Nusu-Saa, maana kila ukimuuliza kazi itaisha lini, jibu ni hilo. Akalala chini ya gari, miguu ikabaki nje.

"Bibi," akasema kutoka huko chini, "springi zako za nyuma zilistaafu zamani, ila hakuna aliyeziaga."

"Zina nini, mwanangu?"

"Zimelala. Zimenyooka kama rula. Na hapa pande moja limekatika kabisa."

Springi hizo ni mapande ya chuma yaliyobebana, marefu juu mafupi chini, yamefungwa pamoja katikati. Ndiyo yanayoushikilia mzigo wa nyuma. Nusu-Saa akasema ataweka mpya zenye upinde mkubwa zaidi, gari liinuke kama upana wa kiganja, na shokapu, zile zinazozuia gari lisirukeruke, ndefu zaidi zilingane nazo.

"Itachukua muda gani?" Kibiriti akauliza.

"Nusu saa."

"Nusu saa ya wapi? Ya mbinguni?"

"Dada, huko mbinguni hakuna magari mabovu. Niache nifanye kazi."

Akaliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya vigogo vinene, akavua magurudumu. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, akazipaka mafuta na kuzibembeleza kwa nyundo. Springi mpya ya kulia akaipima vizuri, akaichora mshale kwa chaki, akaifunga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na moyo wangu uko mtoni. Mtu mwingine mwenye wasiwasi huuma kucha. Mimi hutega vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi," akajibu, springi ya kushoto ikiwa mikononi mwake.

Nikamtegea kile nilichowategea ninyi. Akawaza. Akasema mkulima. Akasema mundu. Akasema, "Mkia wa paka?" Kibiriti akacheka mpaka akakaa chini. Huku anawaza, huku anafunga bolti, na mwisho akasalimu amri.

"Basi nipe mji," nikamwambia. Ndiyo kanuni ya wategaji: ukishindwa kutegua, unatoa mji.

"Chukua gereji yangu yote, na kelele zake."

"Nimekwenda kwenye gereji yako, nimekula, nimekunywa, fundi wake akaniambia: ni springi! Hiyo hiyo uliyoishika!"

Akajipiga paji la uso, akaacha alama ya grisi. Tukacheka sote. Alipolishusha gari, likasimama juu, zuri, kama bwana harusi aliyevaa viatu vipya. Kibiriti akapiga makofi. Tena akatazama mawingu upande wa juu wa mto, yalikuwa meusi, akasema, "Mama, panda. Twende leo leo."

Mimi nikalizunguka kwanza. Nilishona nguo miaka mingi, na jicho la mshonaji halitulii likiona pindo halijalingana. Gurudumu la kushoto lilinitia shaka. Nikapima kwa shubiri, kutoka kwenye tairi hadi ukingo wa bodi mbele yake. Kulia, shubiri moja na vidole vitatu. Kushoto, shubiri moja tupu.

"Mwanangu, njoo. Gurudumu hili limetangulia mwenzake."

Nusu-Saa akainama, akatazama. Kisha akasema polepole, "Springi hizi zina upande mrefu na upande mfupi. Hii ya kushoto nimeigeuza, mbele nyuma. Sikuichora chaki." Akavua kofia. "Bibi, kosa ni langu."

"Ni letu wawili. Wewe ulikuwa na springi mikononi, mimi nikakujaza springi kichwani."

"Mama," Kibiriti akawaka, "tungeingia nalo majini likivuta upande mmoja! Naomba ufunge mdomo mpaka amalize."

Nikaufunga. Nawaambia kweli, kuinua gari ni kazi nyepesi kuliko kumnyamazisha bibi. Fundi akaanza upya upande ule, mara hii chaki kwanza. Akahakikisha mpira wa breki haukuvutika kwa kuinuliwa. Nati za mwisho hakuzikaza mpaka gari liliposimama kwa miguu yake lenyewe. Nikapima: shubiri na vidole vitatu huku, shubiri na vidole vitatu kule. Jua lilikuwa limeshashuka, tukaahirisha hadi asubuhi.

Kabla hatujaondoka, Nusu-Saa akatupakilia magunia mawili ya mchanga nyuma.

"Ya nini tena?" nikauliza.

"Springi mpya ni ngumu, bibi. Gari likiwa tupu litamrusha mgonjwa. Mzigo huu utazituliza. Na godoro mliweke juu yake."

Nilikuwa nimemdokezea tu tunakwenda kumchukua nani; mchanga sikuwa nimemwomba. Nyonga ya dada yangu aliifikiria mwenyewe, naye hajawahi kumwona. Mungu ambariki, na nusu saa zake zote.

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda, yamegeuka rangi ya udongo. Kibiriti akaingia taratibu. Nikasubiri lile jiwe. Nikalisikia likipita chini yetu bila kutugusa, nikashusha pumzi niliyoishika tangu nyumbani.

Dada alikuwa pale pale, kiti kile kile. Tukamlaza kwenye godoro, nikakaa kando yake nikamshika mkono. Wakati wa kurudi, maji yakinguruma ubavuni, akafumbua macho.

"Mdogo wangu, siku mbili tatu tu, eh? Sitaki kuwa mzigo."

Nikaukaza mkono wake. Akanitazama, akatabasamu, maana mchezo huu yeye ndiye aliyenifundisha, humu humu mtoni, nisiogope maji.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nilimbeba akiwa mwepesi, leo ananibeba, na mgongo si wake."

Jibu lilikuwa mimi mwenyewe, na mgongo ulikuwa zile springi zilizo chini ya magunia ya mchanga. Hata Kibiriti alilijua, nilimwona kwenye kioo akijizuia.

"Nimeshindwa, dada," nikasema.

"Wewe? Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Chukua chumba changu chenye dirisha la mashariki. Na kitanda chake. Na asubuhi zake zote."

Anajua kanuni: mji uliotolewa haurudishwi, na aliyeushinda hali cha bure. Gari likapanda ukingo, nyuma ikiwa juu, bila kugusa chochote.

"Nimekwenda kwenye chumba chako," dada akaanza, "nimekula, nimekunywa..."

Akasita. Kisha akamaliza kwa namna yake.

"...nimekaa."