Uzi Kwenye Diski

Mama alikuwa ndani ya seva, na seva ilikuwa imekufa. Nasema wazi, maana nikizungukazunguka nitalia. Kabla hajafariki alirekodi sauti yake, nami nikaihifadhi kwenye kompyuta hiyo ya nyumbani, vipande kumi na vinne, vyote vya kumsimamia Mzee, baba yangu, ambaye alivisikiliza kila asubuhi. Sasa yapata wiki nzima alikuwa akishinda sebuleni kimya, hata chai hamalizi.

Fundi kompyuta wa familia ni mimi. Wateja nawagombeza kutwa kwa kutotunza nakala za akiba. Za kwetu sikuwahi kutengeneza hata moja. Mganga hajigangi.

Nilichomeka flashi yenye mfumo mpya wa kuiendesha kompyuta, mashine ikawaka, ikaniuliza niuweke kwenye diski gani. Zilikuwa mbili, za kampuni moja na ukubwa mmoja, kwa vile nilizinunua siku moja. Moja ilibeba mfumo wa zamani ulioharibika. Nyingine ilimbeba Mama. Ambayo ningeichagua ingefutwa yote, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Ni hii ya kwanza," nikasema. Sikuwa na hakika, nilikuwa na kiburi tu. Kidole kilishafika kwenye kitufe.

"Mama yako umemwona?" Mzee akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Haonekani, Mzee. Hizi ni diski."

"Si alifunga uzi wake? Siku ile ulipomwonyesha sauti yake itakaa wapi. Ukamcheka."

Nilimcheka kweli. Mama alikuwa fundi cherehani. Nguo za kila mteja alizifunga kwa uzi wa rangi yake, na kwa miaka thelathini hakuwahi kumpa mtu gauni la mwenzake. Nilizima mashine, nikafungua kifuniko. Uzi mwekundu ulikuwepo, umekazwa kwa fundo dogo. Ulikuwa kwenye diski iliyochomekwa nafasi ya kwanza, ileile niliyotaka kuichagua.

"Nusura nimfute," nikamwambia Mzee. Nikakaa sakafuni.

Hakunigombeza. "Basi mtoe kwanza," akasema. "Akae pembeni mpaka umalize."

Nikaichomoa diski ya Mama, nikampa Mzee, naye akaipakata. Mfumo nikauweka kwenye ile iliyobaki. Kazi ilichukua nusu saa. Kisha nikairudisha diski mahali pake, nikafungua kipande cha kwanza.

"Baba watoto!" sauti ikaita, kwa ukali wake uleule. "Vidonge vya presha umekunywa?"

Mzee alinitazama, halafu akaitazama mashine. Wiki nzima hakuwa amevigusa, na mimi, pamoja na ufundi wangu wote, sikuwa nimemuuliza.

"Bado, mke wangu," akajibu, akainuka kwenda kuvichukua.