Alisema au Hakusema

"Alisema, au hakusema?"

Mzee Sifael aliuliza mara ya pili, kidole juu ya Biblia, macho kwangu. Ofisini mwa kanisa letu la Mhezi tulikuwa wazee wa kanisa sita, na Mwinjilisti Asheri, mjukuu wa marehemu dada yangu, amekalishwa kwenye benchi la watoto wa kipaimara, magoti yakimfika kifuani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani. Nikatafuta utani mdomoni, nikakuta meno tu, nayo machache.

Huu ni mwaka wa tatu, na bado nasema: kosa lilikuwa langu.

Jumapili mbili kabla ya kikao, ibada ilipokwisha, tulikuwa nje tukinadi sadaka kama kawaida: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo. Mnadishaji ni Sifael, na Sifael akinadi jogoo utadhani kamtaga mwenyewe. Nikampaazia sauti: "Punguza sifa, baba! Hata Yesu hakujinadi. Muulizeni Asheri, kaniambia jikoni kwangu: waliomtambua kuwa ni Masihi, aliwakataza wasiseme!"

Watu wakacheka. Sifael hakucheka. Alisimama na jogoo wake, kichwa chini miguu juu, kama aliyesahau bei.

Kufikia Jumatano maneno yalikuwa yameshuka hadi Hedaru bondeni, yakanenepa huko. Mwamvita, mteja wangu wa tangawizi, akanipigia simu: "Bibi, nasikia mwinjilisti wenu anafundisha Yesu si Masihi. Mbona hata sisi Waislamu Isa tunamwita Masihi? Nyie mmeelekea wapi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha ikaja barua ya kikao. Mchungaji alishasema: wazee wakikubaliana, Asheri avue joho na kurudisha ufunguo wa nyumba ya kanisa. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mkewe, Yudith, na mtoto wa siku kumi na tisa.

"Mama Elinaza, tunakusubiri," Sifael alisema.

"Hakusema. Nilitunga mimi. Si mnanijua?"

Kwa mara ya kwanza maishani nilidanganya bila kutaka mtu acheke.

Mzee Elirehema, asiyependa ugomvi hata wa kuku, alishusha pumzi. "Basi yameisha. Tufunge kwa sala." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kofia.

Asheri akasimama. "Bibi, shikamoo."

Salamu gani hiyo katikati ya kikao? "Marahaba," nikaitikia, na sauti yangu sikuijua.

"Usinibebee. Nilisema mimi."

"Kwa hiyo unakana kuwa ni Masihi," Sifael akasema.

"Sikani, mzee. Ndiye. Nasema hakujitangaza. Soma Marko: Petro alipolitamka neno hilo, akaonywa asimwambie mtu. Lakini kuhani mkuu alipomuuliza, ameshakamatwa, rafiki zake wamekimbia, hapo ndipo alipojibu, 'Mimi ndiye.' Alilisema siku ambayo kulisema kulikuwa kufa."

Nikamsikia Elirehema akiikunja kofia yake, akiikunjua.

Sifael aliinama mbele, na sasa sauti yake ilikuwa ya baba. "Wewe sema tu alijitangaza tangu mwanzo, twende tukale makande. Neno moja, mwanangu. Una kichanga nyumbani."

"Siwezi, mzee."

Mikono minne ilipanda kukubali avue joho. Wa Sifael ulikuwa wa kwanza, lakini ulipanda polepole, kama wa mtu anayeinua gunia. Wangu niliukalia. Elirehema alikuwa bado na kofia yake.

Walihama Ijumaa. Kwetu mtu akihama, hata mliyegombana naye humwachi apakie peke yake, kwa hiyo kijiji kilikuja. Yudith alinikabidhi mtoto, akaenda kufunga vyungu. Sifael naye akaja, na kamba yake begani. Hakumsalimia Asheri. Alipanda kwenye gari la mizigo, akalaza godoro, akaanza kufunga.

Akashuka, akalizunguka gari na kamba ile mara tatu. Mara ya nne akasimama upande aliokuwa Asheri, asimwangalie.

"Yale ya kuhani mkuu. Marko ya ngapi?"

"Kumi na nne. Mstari wa sitini na mbili."

"Mm." Sifael akaivuta kamba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Haya, kaza upande huo. Njia ya kushukia Hedaru ni mbaya."