Mlimbwende wa Ganako

Lukresia alimaliza kupepeta mbaazi, akakung'uta ungo, akapanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yake ili awaite ng'ombe. Ganako nzima inakijua kichuguu hicho. Ng'ombe wake wanne, Balozi, Sista, Ijumaa na Diwani, hushinda bondeni wakijitafutia. Jua likielekea mlima Oldeani, yeye husimama hapo juu na kupiga mwito wake mmoja, mrefu, unaoanzia kifuani na kuishia puani. Ng'ombe wakiusikia huacha wanachotafuna na kupanda kwa mstari, Diwani akiwa wa mwisho, kama kawaida ya madiwani. Zamani hata watoto wa ukoo walirudi nyumbani kwa mwito huohuo, wakiwa wamechanganyika na ndama.

Alifungua mdomo. Mwito haukutoka.

Si kwamba alikuwa amepoteza sauti. Alimtukana kuku aliyekuwa akidonoa mbaazi zake, tusi likatoka zima, na kuku akalielewa. Akasalimia jirani, salamu ikatoka. Mwito tu ndio haukuwepo, kama vile mtu anapotia mkono mfukoni na kukuta ufunguo hauko. Lukresia akashuka, akajifunga khanga vizuri, akaanza kuteremka bondeni kuwafuata kwa miguu.

"Kimekuchukulia na wewe?" aliuliza Silvanus, jirani yake mwenye mashine ya kusaga.

"Kimenichukulia."

"Pole, shemeji. Mimi mashine yangu inasaga kimya. Unga unatoka, mlio hautoki. Wateja wanafika barabarani, wanasikiliza, wanageuza punda wanarudi. Wanadhani nimefunga."

"Angalau unga unatoka."

"Unatoka, lakini mashine isiyopiga kelele nani ataiamini?"

Walichokuwa wanakisema ni kinanda cha Loji ya Utulivu, ile ya mteremkoni, yenye nyasi za kijani hata wakati mashamba yetu yote yamekuwa rangi ya chapati. Meneja wa loji ni Lilian, dada msomi, mwenye sauti laini ya mtu asiyewahi kuita kitu kilicho mbali. Lilian alikuwa amempenda marehemu. Marehemu mwenyewe ni Emil Horvatek, mtunzi wa muziki wa piano wa huko Ulaya, aliyekufa kwa kifua zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Picha yake ilitundikwa ukumbini juu ya kinanda: kijana mwembamba, nywele zimemfunika sikio moja, macho ya mtu aliyeambiwa chakula kimekwisha.

Lilian aliwasimulia wageni kila jioni jinsi Horvatek alivyokuwa. Alikuwa mpole mno. Alikuwa akiogopa makofi. Alikuwa akilia akiona jani linaanguka. Ganako majani yanaanguka mwaka mzima na hakuna aliyewahi kutundikiwa picha.

Bango la loji lilipowekwa barabarani liliandikwa JIONI ZA MTUNZI WA ULIMBWENDE. Wenye vitabu husema ulimbwende ni ile enzi ya watunzi waliofuata hisia zao na kupenda milima. Sisi wengine mlimbwende tunamjua wa magazetini, yule anayetembea jukwaani na utepe begani. Kwa hiyo jioni ya kwanza Silvanus alioga, akachana nywele, akavaa koti la harusi yake na kwenda kutazama warembo. Alikaa saa nzima akimtazama Nelson akipiga kinanda. Alirudi nyumbani, akavua koti.

"Warembo wako wapi?" mkewe alimuuliza.

"Ni mmoja tu. Mwanaume. Na amekufa."

Huyo Nelson ni mtoto wa marehemu dada yake Lukresia. Alijifunza kinanda kigangoni, na zamani alikuwa kijana wa kawaida aliyekula makande sahani mbili. Siku alipoanza kumpiga Horvatek akaanza na kumpenda, na alipompenda akaanza kufanana naye. Aliziachia nywele zikafunika sikio moja. Alikula kidogo. Alinunua kitambaa cheupe, akawa anakikoholea, ingawa kifua chake kilikuwa kizima kama ngoma.

"Nelson, nenda hospitali," watu walimwambia.

"Hii si ya hospitali," alijibu. "Hii ni ya moyo."

"Basi nenda hospitali ukaangaliwe moyo."

Kabla sauti hazijaanza kupotea, Lilian alipita nyumba kwa nyumba akiwa na mabuti ya mvua yasiyowahi kuona tope. Aliomba jambo dogo. Horvatek alitunga kwa kalamu laini sana, alisema, na wageni wanatoka mbali kuja kumsikia mahali penye utulivu. Je, majirani wangeweza kupunguza? Kengele ya kigango, mashine, jogoo, kuitana-itana kule.

Lukresia alimkaribisha kigoda, akampa maziwa ya mgando, kisha akamwambia hapana.

"Ng'ombe hawajui ratiba yako, mwanangu. Nisipowaita, fisi atawaita."

Lilian alitabasamu. Maziwa hakuyamaliza.

Haikuchukua muda. Ilianza kengele ya kigango: katekista alivuta kamba, kengele ikayumba, basi. Ikabidi apite mlango kwa mlango akigonga kama mdai. Akafuata jogoo wa jirani yetu Sabina, aliyeendelea kupanda juu ya paa la zizi kila alfajiri, akinyoosha shingo, akifungua mdomo, akiufunga, na kushuka akiwa ameridhika. Ikaja mashine ya Silvanus. Na kila sauti iliyopotea huku, kule lojini kinanda kilinenepa. Wageni waliokuja mara ya pili walisema kipande kile cha polepole kilikuwa na kengele ambayo hawakuikumbuka. Kwenye kile cha haraka, mkono wa kushoto ulisaga.

Jioni ile ya kwanza bila mwito, Lukresia aliwapata ng'ombe watatu. Sista alikuwa amevuka korongo. Alimfuata hadi macho yakashindwa. Asubuhi walimkuta kando ya msitu, na fisi walikuwa wamebakiza sehemu zile ambazo hata fisi huziachia wengine. Alikuwa na mimba. Lukresia alikata mkia, akaubeba nyumbani, akautundika juu ya mlango. Hakulia. Alikuwa anahesabu waliobaki na kufikiria jioni.

Lakini jioni ilipofika ng'ombe walijipeleka wenyewe. Kule ukumbini Nelson alikuwa katikati ya kipande kirefu ambacho Horvatek, kwa maneno ya Lilian, alikitunga akiwa mgonjwa akikumbuka kijiji chao. Vidole vyake vikafika mahali ambapo karatasi ilionyesha pumziko, na kinanda hakikupumzika. Kilitoa sauti moja, ndefu, iliyoanzia chini na kuishia puani.

Nelson alisimama. Miguu yake ilikuwa imeshageukia mlangoni, upande wa nyumbani, kabla hajajua inafanya nini. Kisha akaitazama picha, akakohoa kwenye kitambaa, akaketi, akaendelea.

Balozi aliingia kupitia bustani. Akafuata Ijumaa. Walisimama mbele ya kioo kikubwa cha ukumbi, masikio mbele, wakisubiri kufunguliwa. Wageni waliweka glasi chini taratibu. Mama mmoja wa Kizungu alifuta machozi. Diwani alifika kipande kilipokuwa kinaisha, akanya kwenye nyasi.

Kesho yake Lukresia alipanda mteremko. Getini alimkuta Moloimet, askari wa loji, Mmaasai wa Arash, mwenye koti kubwa la kampuni juu ya shuka lake.

"Yeyo," alisema Moloimet, ambayo kwao ni mama, "umekuja kama mgeni au kama mwenye ng'ombe?"

"Nimekuja kufuata sauti yangu."

"Mgeni anapitia hapa. Mwenye ng'ombe anapitia nyuma. Mwenye sauti sikuambiwa apitie wapi."

"Wewe wamekuchukulia nini?"

Moloimet akafikiri. "Nilikuwa napiga mluzi. Ule wa kumrudisha ng'ombe anayetaka kuvuka mto." Akabana midomo, akapuliza, ukatoka upepo mtupu. "Wageni wanasema uko kwenye kile cha tatu. Mzuri sana, wanasema." Akamfungulia geti la mbele.

Lilian alimpokea ukumbini na chai ya mchaichai. Nelson alikuwa ameketi kinandani, na mama yake mdogo alipoingia alikificha kitambaa.

"Mama, kile unachokisikia ni kazi ya Horvatek," Lilian alisema kwa upole. "Ina zaidi ya miaka mia na hamsini."

"Mimi juzi nilikuwa nayo."

"Unajua, alikuwa mtu wa ajabu. Aliwapenda sana watu wa kawaida. Akiwa kijana alizunguka vijiji vya kwao, akasikiliza wanawake wakiita mabata, wachungaji wakiita kondoo, akaziweka sauti hizo kwenye muziki wake. Akazifanya zisife."

"Na wale wanawake?"

"Wanawake gani?"

"Wa mabata."

Lilian alichukua kitabu cha maisha ya Horvatek kilichokuwa juu ya kinanda, akafunua mahali alipokuwa amepigia mstari, akamsomea huku akitafsiri. Kitabu kilisema kwamba mtunzi aliporudi kijijini miaka kadhaa baadaye alikuta watu wakimya mno. Wanawake walisimama kando ya bwawa bila kusema kitu. Mabata walikuwa wameingia msituni. Ukimya ule ulimgusa sana, akautungia wimbo.

Lilian akafunga kitabu. Macho yake yalikuwa na maji. "Unaona alivyokuwa na moyo?"

"Naona," alisema Lukresia. Akamgeukia kijana wake. "Nelson. Unajua ni ya nani."

"Mama mdogo, mimi napiga tu kilichopo."

"Ulipokuwa mdogo ulipotea kwenye ngano, usiku unaingia. Nani alikurudisha? Huyu mwenye nywele?"

Nelson aliangalia vidole vyake. Akakohoa, na safari hii hakuwa na kitambaa karibu.

Lilian alikuwa mtu wa kupatanisha. Hakuna haja ya ugomvi, alisema, kwani ng'ombe wanapendwa. Wageni wanauliza habari zao kabla hata ya kuuliza habari za faru. Kwa hiyo waje kila jioni, wasimame pale kwenye kioo, na Lukresia awachukue geti la nyuma wageni wakishamaliza kitindamlo. Asiwaite, hata kwa maneno, maana inavunja hali. Na wakati wa masika, aliuliza Lukresia, loji ikifungwa na kinanda kikifunikwa turubai?

"Masika tutaona," alisema Lilian.

"Masika fisi wanazaa," alisema Lukresia.

"Asili ina mpangilio wake," alisema Lilian, na akamwongezea chai.

Jioni hiyo Lukresia alisubiri karibu na kioo, upande wa nje, kwa sababu geti la nyuma lilikuwa bado limefungwa. Ukumbi ulijaa. Inosenti, dereva wa watalii, aliketi na wageni wake kuwatafsiria. Mwito ukapigwa, ng'ombe wakaja, watu wakashusha pumzi. Kipande kilipoisha Lilian alisimama chini ya picha, akanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Na yule ndiye jirani yetu," alisema. "Ni watu wakimya sana. Ukimya wao unatugusa."

Lukresia akamtukana. Alimtukana kwa Kiiraqw, kwa sauti kamili, akianza na mabuti, akapanda kwenye chai, akapita kwa marehemu na nywele zake, akamalizia mahali ambapo hata Silvanus, ambaye amesikia mengi mashineni, asingethubutu kufika. Lilikuwa tusi la mtu aliyelitunza muda mrefu. Kioo kilitetemeka kidogo. Balozi aligeuza kichwa.

"Anasema nini?" mgeni mmoja alimuuliza Inosenti.

"Anasema karibuni," alijibu Inosenti.

Wageni wakampigia makofi. Lukresia aliwasubiri wamalize, akaenda kusimama geti la nyuma.

Jioni iliyofuata, kwenye kipande kilekile kirefu, baada tu ya mwito, kulikuwa na mahali papya. Palikuwa pafupi na pa ukali, palianzia mkono wa kushoto, pakapanda kwa mikogo, pakaangukia noti ya mwisho kabisa kwa kishindo. Nelson, ambaye Kiiraqw anakielewa, alipiga huku masikio yake yote mawili, lile lililofunikwa na lile la wazi, yakichemka. Wageni waliomba parudiwe. Akapiga tena. Wakaomba tena.

Lilian alikuwa amefumba macho.

"Hapo ndipo unamsikia Horvatek mwenyewe," aliwaambia. "Alikuwa mpole. Lakini alikuwa na moto ndani."

Geti la nyuma Lukresia aliyasikia yote. Alifungua mdomo kusema lile alilolisema jana, hakukuta kitu. Akajaribu lingine, dogo, la kawaida, lile la kuku. Hilo nalo halikuwepo. Akafunga mdomo, akaegemea nguzo, akangoja kitindamlo kiishe.

Ilikuwa keki ya karoti, na wengi waliongeza. Giza lilikuwa limeshashika bonde Moloimet alipokuja na funguo. Akavuta komeo, geti likafunguka bila mlio. Akatoka Balozi, akatoka Ijumaa. Wakamsubiri Diwani.