Chungu cha Pembeni

Nyanjige alirudi Mwandoya kutoka kliniki ya Dar es Salaam na masharti yaliyoitibua nyumba nzima. Miaka miwili kabla alikuwa ametolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani. Sasa vipimo vya damu vilionyesha kwamba ugonjwa huenda umerudi. Daktari alitaka kumpa iodini yenye mionzi kidogo, kisha ampige picha aone kama kuna mahali inajikusanya. Lakini kwanza, kwa wiki mbili, asile chumvi ya dukani, samaki, mayai wala maziwa, kwa kuwa vyote vina iodini na vingeharibu picha.

Akaanza kujipikia kwenye chungu chake. Mama mkwe wake, Kwandu, alimwona akikataa hata maziwa ya ng'ombe waliokamuliwa mbele yake. Majirani wakaulizana ni mtu gani huyo anayekimbia chumvi, na wengine wakakumbushana kwamba wasioila ni wachawi. Kwandu naye alikuwa na lake: aliamini mkwewe anamdhania kuwa anatia sumu.

Wakaishi kwa kuviziana. Nyanjige akienda kuteka maji alikariri mfuniko ulivyokaa. Mchana mmoja maharage yakamkaa ulimini vibaya. Akamwambia mumewe, Maganga, naye akasema ni ugonjwa tu unaomharibia ladha. Akajilazimisha kula, siku ile na zilizofuata, huku jicho lake likiwa kwa mama mkwe.

Dar es Salaam walipompima mkojo, wakakuta iodini iko juu mno. Daktari akaahirisha picha, akamuuliza nani anampikia. Alijibu kwamba anajipikia mwenyewe, na njia nzima ya kurudi akamwaza Kwandu.

Alimkuta anapepeta mtama. Hakumwamkia.

"Mayu, mama yangu, kama hunitaki niambie. Usiniue kwa chumvi."

Kwandu akaweka ungo chini. Alisema hajawahi kugusa chungu kile. Hata kupita karibu yake aliogopa, asije akasingiziwa. Nyanjige hakumwamini, mpaka alipomwona Maganga mlangoni, ameinamisha uso.

"Ni mimi," alisema Maganga. "Watu wanakuita mchawi. Nilitaka niwajibu kwamba mbona chumvi unaila."



Alipoanza masharti upya, Nyanjige alihamia kwa mama mkwe. Kwandu alimpikia kwa mkono wake, akaketi naye mpaka amalize, akamkataza mwanawe kukaribia jiko.

Safari hii picha ilisomeka: kidoa kimoja kidogo karibu na koo. Daktari alisema kitatibiwa kwa iodini yenye nguvu zaidi, ila kwa sababu ya mionzi atalazwa chumba cha peke yake. Siku ya kulazwa, Maganga alimletea uji kwenye chupa. Nyanjige akaupokea, akamshukuru kwa upole, akasubiri ageuke, akaumwaga.