Radi Namba Kumi na Saba

Mimi ni mkunga. Nimezalisha akina mama zaidi ya elfu mbili kwa mikono hii, na sijawahi kuona mzazi anayemwogopa mwanawe kama wanaume wa klabu yetu wanavyoyaogopa magari yao.

Magari yenyewe yanaitwa Radi. Ni ya mbio, milango miwili, viti viwili, na yamekaa chini kiasi kwamba ukitaka kushuka lazima kwanza upige magoti. Yalitengenezwa sitini tu, kila moja na namba yake, na namba hiyo ikagongwa kwenye kila kipuri kikubwa. Kisha kiwanda kikafilisika. Wanachama husimulia kufilisika huko kwa fahari, utadhani kiwanda kilijitoa mhanga kwa ajili yao.

Mjini kwetu yapo manne. Namba tano ni la Dokta, daktari wa meno, ambaye ndiye mwenyekiti. Namba thelathini na moja ni la Fundi Saa, katibu. Namba arobaini na nne ni la Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu ingawa hesabu zenyewe hazijakubali. Namba kumi na saba ni langu. Nililirithi mwaka jana kwa kaka yangu, mchomeleaji vyuma, ambaye mji mzima ulimwita Cheche. Zaidi ya hilo aliacha mashine ya kuchomelea na ovaroli mbili zenye matundu.

Wenzangu hawaendeshi. Magari yao yanalala gereji kwa Dokta, yamefunikwa shuka. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi yanawashwa, yananguruma dakika tano, yanazimwa. Gari lisilotembea huoza, hilo hata mwenye baiskeli analijua, lakini wao vipuri vikiharibika wanailaumu hali ya hewa. La Dokta lina kilomita elfu tatu tangu lizaliwe. Mimi langu naendea kazini. Ndoo, glavu na mizani ya watoto wachanga hukaa kiti cha abiria, nimevifunga mkanda. Kilomita zangu ni laki mbili na elfu kumi na mbili. Siku Mwalimu alipozisoma kwa mara ya kwanza aliomba maji ya kunywa.

Basi Jumamosi moja tukaitwa mkutano wa dharura. Sakafu ya gereji ya Dokta imepakwa rangi nyeupe, kwa hiyo viatu tulivua mlangoni, na magurudumu yangu yakapanguswa kwa tambara kabla sijaruhusiwa kuingia. Desturi ya klabu ni kwamba kila mtu hukaa ndani ya gari lake, magari yametazamana pua kwa pua, na kura hupigwa kwa taa. Ukikubali unawasha, ukikataa unapiga honi.

"Ndugu wanachama," Dokta akaanza, kichwa amekitoa dirishani, "yule fundi aliyekuwa anatuchongea vipuri amestaafu. Macho yamekwisha. Mwingine hakuna. Tusipoamua leo, Radi itabaki picha ukutani."

"Soma kifungu cha tisa," Mwalimu akamwambia katibu.

Fundi Saa akavaa miwani. "Vipuri vikikosekana kabisa, gari lenye kilomita nyingi kuliko yote litafunguliwa, ili mengine yaishi."

Hakuna aliyenitazama. Wote watatu wakawa wanakagua usukani, utadhani wameuona leo.

"Semeni tu ni langu," nikasema. "Mnaona haya ya nini?"

"Dada Mkunga, si sisi, ni katiba," Mwalimu akajitetea. "Na marehemu mwenyewe alitia sahihi."

Alitia kweli. Nilionyeshwa karatasi, na pale chini nikaona herufi za kaka yangu, zimelala upande mmoja, na alama ya dole gumba lenye grisi. Hapo ndipo niliponaswa. Gari ni langu, ningeweza kuwasha nikaenda zangu, na wasingenifuata kwa sababu barabarani kuna vumbi. Lakini vya thamani nilivyobaki navyo vya Cheche ni viwili, gari lake na neno lake. Kiti bado kimebonyea pale alipokuwa anakaa. Nilinde gari kwa kulivunja neno?

Taa za magari matatu zikawaka. Mimi nikapiga honi. Cheche alikuwa amelifungia honi ya lori, kwa hiyo mbwa wa mtaa mzima waliniunga mkono. Tukashindwa, mimi na mbwa.

Mgawanyo ulikuwa tayari, umepigwa chapa. Kabureta kwa Dokta, pampu ya maji kwa Fundi Saa, giaboksi kwa Mwalimu. Walikuwa wamenigawana zamani, kuniita ilikuwa adabu tu.

"Haya, tuanze na giaboksi," Mwalimu akasema, anakunja mikono ya shati.

"Giaboksi haraka ya nini?" akauliza Dokta. "Iko chini huko, itatuchafua. Tuanze na kabureta."

Fundi Saa akakohoa. "Kabureta ni kitu chepesi kuharibika, mimi naona iwe ya mwisho. Pampu ya maji kwanza."

"Umwage maji kwenye sakafu ya mtu?" Mwalimu akaruka. "Nyeupe hii? Giaboksi!"

"Kabureta!"

"Jamani, pampu!"

Nimekaa wodini miaka ishirini na sita. Nawajua wanaume wanaozungukazunguka kwenye korido. Kuna mwenye wasiwasi na kuna mwenye siri, na mwenye siri hutazama viatu vyake. Hawa hawakuwa na viatu, wakatazama soksi.

"Anzeni popote," nikasema, "mradi mwanze."

Dokta akavaa glavu, akawasha taa yake ya kichwani, akachukua kile kioo kidogo cha kuchungulia magego. "Panua," akasema kwa mazoea. Nikainua boneti.

Akachungulia, akafuta kioo, akachungulia tena. "Hii si kabureta ya Radi," akasema. "Hii ni ya pikapu."

Fundi Saa akapitisha kichwa pembeni yake. "Na pampu hii ni ya trekta! Tazama, hata rangi ya trekta haijafutwa!"

Mwalimu alikuwa ameshaingia uvunguni. Sauti yake ikatoka huko chini, imejaa kilio. "Giaboksi ya gari la kusambaza mkate!" Akatoka na oili puani. "Cheche ametuuza! Alikuwa anauza vipuri kimyakimya!"

Damu ikanichemka. "Kaka yangu hajawahi kuuza hata msumari usio wake. Rudia neno hilo, Mwalimu, nikuzalishe bila mimba."

Akaanza kufuta oili puani.

"Sasa fungueni boneti zenu," nikasema. "Zote tatu."

Hakuna aliyenyanyua mguu. Nikaenda mwenyewe kwenye gari la Fundi Saa, nikafungua, nikainama. Kabureta ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, na ubavuni imegongwa namba kumi na saba.

Fundi Saa akavua miwani. "Nilimwendea Jumapili moja, kwa mlango wa nyuma," akasema. "Yangu ilikuwa imeziba kabisa, na mimi nilishawatangazia hawa kwamba gari langu halijapata hata mafua. Akaifungua yake palepale akanipa. Akaniambia nisimwambie mtu."

"Hata mimi aliniambia nisimwambie mtu," Mwalimu akasema taratibu. "Pampu."

Sote tukamgeukia Dokta. Akazima taa ya kichwani.

"Giaboksi," akasema. "Mwezi mmoja tu kabla hajalazwa. Mimi nilijua ametoa hiyo peke yake, wallahi. Nilimuuliza, sasa wewe utaendesha na nini? Akacheka. Akasema, mbona mkate unafika kila asubuhi."

Niliketi kwenye ile sakafu nyeupe, na sketi yangu ilikuwa na vumbi, na hakuna aliyeleta tambara. Kumbe kifungu cha tisa kilishatekelezwa. Kaka yangu alilifungua gari lake mwenyewe, akiwa hai, kipuri kimoja kimoja, bila mkutano wala kura, kisha akaniachia mimi mabaki yanayotembea. Nilimkasirikia kwa kunificha, nikamwonea fahari, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja vikanitoa machozi. Watu husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi niliyezaliwa naye nilikuwa wa mwisho kujua.

"Tutarudisha," akasema Dokta. "Leo hii. Kila mtu afungue chake."

Wakaingia kazini kweli. Daktari wa meno akalala chali chini ya gari lake na soksi zake za hariri, Fundi Saa akashika spana vilevile anavyoshika mshale wa saa, Mwalimu akawa anahesabu boliti kwa sauti. Niliwaacha wafungue mbili tatu. Adhabu kidogo haiui.

"Basi," nikasema. "Kazeni tena. Langu linatembea, halidai kitu. Yasiyotembea ni haya yenu, na ndani yake kuna vitu vya kaka yangu vimefungiwa gizani. Mmekuja hapa kuulizana Radi itaishi vipi? Toeni shuka."

"Dada, lakini kilomita..." Mwalimu akaanza.

"Zitahesabika. Si ndiyo kazi yako? Dokta, lete ufunguo."

Alinipa, akaingia kiti cha abiria na kujifunga mkanda mara mbili. Nyuma yetu wale wawili wakawasha ya kwao. Tukatoka getini taratibu, namba tano ikaonja lami.

"Polepole, kuna kokoto," akasema Dokta. "Lile shimo umeliona? Dada, kuna kuku!"

Gia ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Langu gia ya tatu hupiga kelele mpaka wajawazito barabarani hujishika tumbo. Nikakanyaga klachi, nikavuta, na ya tatu ikateleza mahali pake bila sauti, mkononi mwangu, kama ilivyokuwa ikiingia mkononi mwa Cheche miaka yote ile kabla hajaitoa.

Nililia barabara nzima, siwezi kudanganya. Dokta alitazama mbele, akanitazama mimi, akafungua kidroo kilicho mbele yake. Humo mlikuwa na kitambaa laini cha kufutia dashibodi, ambacho hata mkewe hakuruhusiwa kukigusa. Akakishika kwanza, akakikunjua, akashusha pumzi, halafu akanipa nipengee kamasi.